Mama Chagua na Mtungi wa Meneja

Siku niliyomwona mara ya kwanza, mlinzi wa getini alikuwa anamfukuza. Alikuwa na mtoto mgongoni na robota dogo la nguo kichwani, na mlinzi, ambaye ameamriwa asiingize wachuuzi, aliliona robota kwanza.

"Hapa hatununui nguo, mama."

"Na mimi leo siuzi. Naleta mgonjwa."

"Mgonjwa mwenyewe yuko wapi?"

Alimgeuzia mgongo. Mtoto alikuwa ameegemeza shavu, mdomo wazi, na kila akivuta pumzi pale chini ya koo palikuwa panabonyea, kama mtu anayenyonya kitu kwa mrija uliozibwa. Mlinzi alifungua lile geti kubwa ambalo huwa anafungulia magari tu.

Mimi nilikuwa napita na toroli langu. Yule mama alinitazama kuanzia mabegani hadi miguuni huku akitembea upesi, akasema: "Kifua kipana, mikono mifupi. Hilo koti si lako."

Ni kweli halikuwa langu. Lilikuwa la mwenzangu aliyestaafu, la kijivu, na mikono yake ilinifika kwenye vidole. Nilitaka kumjibu, ila mimi jibu hunijia mtu akiwa ameshafika mbali.

Kazi yangu ni kusukuma mitungi ya oksijeni. Nautoa mtungi stoo, naupeleka wodini, naufunga, naufungua kwa spana, nangoja kile kichupa cha maji kianze kutoa mapovu, kisha narudi na mtungi mtupu. Haihitaji maneno, ndiyo maana nimedumu nayo. Toroli lina gurudumu moja linalolia, kwa hiyo nikiwa bado koridoni wodi nzima inajua nakuja. Nikiingia wodi ya watoto, mama mmoja anamfunika wake shuka, mwingine anageukia ukutani. Nilikuwa nawasikia wakinong'ona, "Malaika huyo." Niliichukua kama sifa. Nilimwambia hata mke wangu.

Huyu mama alifika na jina lake tayari. Muuza matunda wa nje ya geti alimtambua, akapaza sauti, "Mama Chagua, kulikoni?" na kuanzia hapo hakuna aliyemwita vingine. Alikuwa anauza mitumba sokoni, na wito wake ulikuwa huo: "Chagua, mama, chagua! Ukiikosa usilie!" Kwa kupiga kelele hizo kila siku koo lake lilikuwa limekwaruzika, hivi kwamba hata akikuomba chumvi unadhani anakugombeza.

Mtoto alikuwa mjukuu wake wa kike, hajatimiza miaka mitatu. Jina lake liliandikwa kwenye kadi, lakini likabaki hukohuko kwenye kadi. Bibi yake alimwita Meneja. Tangu alipoweza kukaa alikuwa anawekwa juu ya robota pale mezani alinde mali, na mteja akishika nguo bila kununua Meneja anampigia kelele. Mama yake mtoto alikuwa nchi nyingine, anafanya kazi za ndani kwa watu wanaomruhusu kushika simu siku moja tu katika wiki. Kwa hiyo lolote la kuamua kuhusu Meneja, aliyekuwepo wa kuamua ni bibi peke yake.

Na la kuamua lilifika siku hiyohiyo.

Daktari wa watoto alikuwa binti mdogo, mpole, mwenye haraka. Alimsikiliza Meneja kifua mbele na nyuma, akambana kidole kwa kile kifaa kinachosoma hewa mwilini, akakitazama, akakifuta, akambana tena. Nimonia, alisema. Mapafu yote mawili. Sindano ameshaandika, ila sindano inataka muda, na mtoto hana pumzi ya kungojea. Anahitaji oksijeni sasa hivi.

Sista mkuu alinituma. Nikaja, na gurudumu langu likaja linalia.

"Huyo asifike hapa," alisema Mama Chagua.

"Mama, ni hewa tu," Sista akamwambia.

"Naijua hiyo hewa. Mume wangu aliwekewa asubuhi. Jioni nikakabidhiwa viatu vyake. Mpeni sindano, mpeni dawa chungu, mpeni mnachotaka. Hicho cha chuma hapana."

Daktari alichuchumaa mbele yake. "Bibi, wanaofariki nayo wengi huwa wameletwa wamechelewa. Hewa siyo iliyowaua."

"Mwanangu, sijasema imewaua. Nasema sijawahi kumwona aliyerudi nayo nyumbani."

"Hawarudi nayo kwa sababu ni ya hospitali. Tunabaki nayo sisi."

Mama Chagua alilifikiria hilo. Kitanda cha jirani alikuwepo Mama Pacha, mwanamke mnene mwenye mapacha wawili na kikohozi kimoja, maana mmoja akianza mwenzake anamalizia. Akaingilia, "Mwacheni mwenzenu. Na huyo Malaika mwenyewe mtazameni, hata macho hainui."

Ndipo Mama Chagua akanigeukia mimi. "Baba, rudisha ulikoutoa."

Niliangalia sakafu. Maneno pekee niliyokuwa nayo ni yale ninayoambiwa kila siku na mtu wa stoo.

"Stoo hawapokei," nikasema. "Ukishatoka haurudishwi."

"Haurudishwi?"

"Haurudishwi."

"Hata kama haujaguswa?"

"Hata kama."

Akanitazama tofauti. "Hiyo ndiyo sheria ya meza yangu," alisema. "Mali ikitoka hairudishwi. Mtu anachukua blauzi Ijumaa, anaingia nayo harusini, anacheza mpaka inatoa jasho, Jumatatu ananiletea eti imembana. Imekubana ulipokuwa unaruka?"

Lakini wote tulikuwa tunautazama ubavu wa Meneja. Ulikuwa unaingia ndani kwa kila pumzi, na pua zinapanuka, na mwishoni mwa pumzi anatoa sauti kama ya kitu kinachosukumwa. Bibi yake naye alikuwa anautazama. Bila kuondoa macho pale, aliunyooshea mkono mtungi, akaugonga kwa kifundo cha kidole.

"Umejaa?"

"Umejaa."

"Kabla yake ulitumiwa na nani?"

"Hewa ni mpya. Chuma ndicho cha zamani."

"Sijawahi kununua kitu bila kukijaribu," alisema. "Nivalisheni mimi kwanza."

Daktari alimtazama Sista. Sista aliutazama tena ule ubavu, akasema, "Mvalishe. Upesi."

Nilifungua mtungi. Sista akampachika mrija, zile ncha mbili laini zikaingia puani, na Mama Chagua akakaa ukingoni mwa kitanda, mgongo wima, mikono magotini, kama anayepigwa picha ya kitambulisho. Wodi yote ilimgeukia. Nadhani walikuwa wanangoja afe.

Alivuta. Akavuta tena. Akatazama dari.

"Inanukia kama friji jipya," alisema. "Ina ubaridi kidogo." Akageuza ncha kidogo puani, akapapasa mrija kwa vidole viwili kama anayetafuta palipofumuka. "Haina kasoro. Mvalisheni mtoto."

Sista akatoa mrija mwingine mdogo, mpya, akamvalisha. Baada ya muda si mrefu kifaa cha kidole kilianza kupanda. Mama Chagua hakushangilia. Alivua viatu, akaviweka chini ya kitanda kwa mpangilio, akaketi sakafuni. Nilielewa kwamba ameamua kubaki.

Tatizo lililofuata lilikuwa Meneja mwenyewe. Alipopata nguvu kidogo, cha kwanza alichofanya nazo ni kung'oa mrija. Sista akaubandika kwa plasta, akang'oa mrija pamoja na plasta. Wakamvisha soksi mikononi, akazivua moja moja, akaziunganisha jozi, akaziweka pembeni. Kila aking'oa, kifaa kinashuka na lile koo linabonyea upya. Daktari alisema waziwazi: ikiendelea hivi usiku na mchana, hewa anayopata ni nusu, na nusu haitoshi.

Mama Chagua hakumbembeleza. Aliniita mimi, niliyekuwa nakagua geji, ile saa ya mtungi inayoonyesha hewa iliyobaki.

"Baba, njoo uulize bei."

"Bei ya nini?"

"Ya hicho cha puani. Uliza kama mteja."

Sasa mimi dukani huwa nachukua ninachopewa. Nikipewa chenji pungufu, naondoka nayo. Niliutazama ukuta nikasema, "Hiki bei gani."

"Mteja gani anaongea na ukuta? Mwangalie mwenye mali! Nyoosha mkono!"

Mama Pacha alianza kucheka. Nilinyoosha mkono. "Hiki... bei gani?"

Meneja alikuwa ameshatoa ncha moja. Aliutazama mkono wangu. Akairudisha ncha puani mwenyewe, akaifunika kwa viganja vyote viwili.

"Siuzi," alisema, katikati ya pumzi na pumzi.

"Umeona?" bibi yake akasema. "Kitu kikitakiwa na mteja, huyu hakiuzi. Amenifukuzia watu pale mezani nikalia. Leo acha ujeuri wake utufae."

Kuanzia siku hiyo, yeyote aliyepita karibu na kitanda kile alilazimika kuwa mteja. Mfagiaji aliuliza bei akiwa ameegemea ufagio. Mama Pacha aliuliza kwa matusi, akisema mali yenyewe imechakaa, na Meneja alishikilia kwa nguvu zaidi. Daktari alikuwa mteja mbaya. Alisema atatoa bei yoyote, na Meneja akaonekana anafikiria, ikabidi daktari aondolewe. Mimi nilikuwa wa kila siku. Nikiingia kukagua geji, nasema, "Hiki bei gani?" naye anafunika pua, "Siuzi," basi naenda zangu. Sijui kama niliwahi kuzungumza na mtu mfululizo hivyo kabla ya hapo.

Mchana, Meneja akisinzia, Mama Chagua alikuwa anakunja nguo. Alikunja zake, akamaliza, akakunja za Mama Pacha, akahamia kwenye shuka za hospitali, ambazo alizipanga kwa ubora, za kwanza, za pili, na za kufanyia matambara, na Sista akaziona nyingi ziko kwenye matambara akanuna. Huku anakunja, anasimulia. Mimi nilikuwa najifanya nakaza nati.

Mume wake alikuwa fundi wa kujenga. Vumbi la saruji, alisema, na kifua. Baada ya mazishi alibaki na binti mdogo na kabati la nguo za mwanaume. Akazitoa, akatandika turubai kando ya barabara, akazipanga. Hakujua hata kuita wateja. Alikaa kimya, watu wanapita, mpaka mwanamke mmoja akamwonea huruma akamwambia, "Sema chochote, dada." Kilichomjia mdomoni ni "chagua."

Nguo ya kwanza kuuzwa ilikuwa koti. Kesho yake mnunuzi akalirudisha, kaambiwa na jirani kwamba ni la marehemu. Alikataa kulipokea. Mtu yule alimtukana, akamwita mchawi, akalitupa pale kwenye turubai, naye akaliokota akamkimbilia nalo mpaka akamvika mabegani kwa nguvu.

"Huo ulikuwa ukali, mwenzangu," Mama Pacha akamwambia.

"Haukuwa ukali. Ningelipokea, ningelirudisha kabatini. Na lingerudi kabatini, nisingelitoa tena." Alipiga shuka mkunjo wa mwisho. "Hii pia ni tambara."

Aliizoea biashara yake mpaka maneno yake yakawa yanamtoka yenyewe. Mama mmoja wa kitanda cha mlangoni aliruhusiwa kwenda nyumbani na mwanawe, na Mama Chagua, ambaye alikuwa amemsaidia kufunga mizigo vizuri kuliko ilivyokuja, alimsindikiza mpaka mlangoni, akampungia mkono kwa furaha kabisa:

"Karibu tena, mteja!"

Yule mama aliweka mizigo chini. "Unasemaje?"

"Nime..."

"Karibu tena wapi? Hapa? Na mwanangu? Wewe mwanamke mwanangu kakukosea nini? Kamwambie adui yako karibu tena!"

Ikabidi Sista atoke ofisini. Mama Chagua aliomba radhi kwa njia zote anazozijua, akasema ni mdomo tu, mdomo umezoea, lakini yule mama aliondoka akigeuka nyuma kila hatua, kama mtu anayehakikisha hafuatwi. Tangu hapo neno hilo lilipigwa marufuku wodini. Hata Sista, ambaye zamani alikuwa akiwaaga watu kwa "tutaonana kliniki," alianza kusema tu, "Haya, nendeni."

Kisha kukaja siku ambayo niliingia, nikasema, "Hiki bei gani?" na Meneja hakujibu.

Homa ilikuwa imepanda tena tangu alfajiri. Alikuwa macho, lakini alinitazama kama mtu anavyotazama paa. Nilinyoosha mkono. Nikaugusa mrija kabisa. Hakufunika.

Mama Chagua alikuwa anakunja sweta la mtoto. Akaacha katikati. "Uliza tena."

Nikauliza tena.

"Hajasikia. Sauti yako ndogo."

Nikauliza kwa sauti ambayo sijawahi kuitoa hata nyumbani kwangu. Mfagiaji alisimama. Mapacha wote wawili walinyamaza kukohoa. Meneja alifumba macho taratibu, akafumbua, akaendelea kutazama paa.

"Amechoka," alisema Mama Chagua. Alimalizia kulikunja lile sweta. Kisha akalikunjua, akalikunja upya.

Daktari akaja mbio. Akabadilisha sindano, akaongeza kasi ya hewa, akasema dawa hii ni kali kuliko ile, tungoje. Hakuchuchumaa mara hii. Alisema akiwa amesimama, ameshika chuma cha kitanda.

Hapo ndipo simu ilipolia mfukoni mwa Mama Chagua. Ilikuwa siku ya binti yake kupiga. Aliitazama ikilia, nikadhani ataiacha, akaipokea.

"Mwanangu. Ndiyo. Mimi mzima... Meneja? Yupo. Yuko kazini... Si amekaa kazini kwake? Sawa. Nitamwambia. Kula vizuri. Haya."

Alirudisha simu mfukoni, akaona Mama Pacha anamtazama.

"Sijadanganya," alisema. "Kupumua namna hii ni kazi."

Kwa kasi ile mtungi usingefika mbali, kwa hiyo nilitumwa kuleta mwingine. Nilipofika stoo niliona kopo la mafuta ya mashine dirishani, pale lilipo siku zote. Nikalipaka gurudumu. Sijui kwa nini sikuwahi kufanya hivyo. Nilifikiri leo walau Mama Chagua asinisikie nikija.

Nikaingia bila sauti. Mama Chagua alikuwa amekaa sakafuni, ameinamia magoti, na aliponiona ghafla nimesimama juu yake na mtungi alipiga ukelele, akashika kifua.

"Ah! Afadhali zile kelele! Sasa unakuja kama yeye mwenyewe!"

"Kama nani?"

"Malaika. Si ndivyo wanavyokuita?"

Nikasema ndivyo.

"Na unajua ni malaika yupi?"

Nilianza kufungua nati. Kisha nikasema, maana alikuwa bado ananitazama, "Nilidhani ni wale wazuri."

"Wale wenye mabawa?"

"Ndiyo."

"Baba. Ni mtoa roho."

"Aa," nikasema.

"Muda wote huo ulidhani ni wenye mabawa."

"Nilimwambia na mke wangu."

Alianza kucheka. Kwanza kwa pua, kisha kwa mabega, kisha sauti ile ya sokoni ikatoka yote, mpaka Sista akachungulia. Mama Pacha naye akacheka, akajaribu kujizuia kwa ajili yangu, akashindwa. Mama Chagua alicheka akashika ukingo wa kitanda, akacheka akafuta macho, akaendelea kuyafuta, na ikawa si kicheko tena. Mama Pacha aliteremka kitandani na unene wake wote akakaa naye sakafuni, akamkumbatia. Mimi nilifunga mtungi mpya. Mapovu yalianza kwenye kichupa. Sikujua nisimame wapi, kwa hiyo nikasimama pale mpaka walipomaliza.

Siku iliyofuata Mama Chagua hakusimulia, hakukunja, hakuita mtu. Sista, ambaye tangu mwanzo alikuwa akimwambia apunguze sauti, alipita mara kadhaa karibu yake, mwisho akauliza, "Mama, leo mbona huongei?" Wodi ilikuwa kimya, kimya ambacho nilikuwa nakitamani miaka yote, na sikukipenda.

Niliendelea kuuliza bei. Hakuna aliyeniambia niache. Naingia, nasoma geji, nasema, "Hiki bei gani?" nangoja kidogo, natoka. Mama Chagua alikuwa hata hainui uso.

Asubuhi ya siku ya tatu nilifanya vilevile. Nilisoma geji. Nikauliza. Nikangoja. Nikaligeuza toroli, na nilikuwa nimeshafika usawa wa kitanda cha mapacha niliposikia nyuma yangu kitu kama karatasi ikichanika.

"Siuzi."

Niligeuka. Kiganja kimoja kilikuwa juu ya pua. Cha pili kilikuwa njiani, kizito, kikiinuka na kuanguka, mpaka nacho kikafika.

Mama Chagua alikuwa amesimama. Alimtazama Meneja, akanitazama mimi, akaigeukia wodi nzima, na sauti ikamrudia yote kwa mara moja.

"Mmemsikia? Hauzi! Mwenye mali kasema hauzi! Ondokeni hapa na visenti vyenu!"

Hakuna aliyekuwa amekaribia. Lakini wodi ilipiga makofi, na Sista hakusema kitu kuhusu kelele.

Baada ya hapo Meneja alipata nafuu polepole. Homa ilishuka, ikarudi kidogo, ikashuka moja kwa moja. Alikula kijiko kimoja, kesho yake akagombana na bibi yake kuhusu nani ashike kijiko. Daktari alipunguza hewa kidogo kidogo. Siku moja akanong'ona kwamba leo tunajaribu kumtoa mrija, ila asilazimishwe, akilia kifua kitachoka.

"Halazimishwi mtu hapa," Mama Chagua alisema. "Mteja, fanya kazi yako."

Nilisogea. Nikamwangalia mwenye mali, nikanyoosha mkono. "Hiki bei gani?"

Meneja alitoa mrija puani mwenyewe. Aliugeuza upande huu na upande ule, akaukagua ncha zote mbili kama bibi yake anavyokagua kola. Kisha akauweka kiganjani mwangu.

"Chukua bure."

"Bure?" bibi yake akaruka. "Bure? Nimekufundisha lini neno hilo? Umelitoa wapi?"

Lakini daktari alikuwa ameshambana kidole. Tulikitazama kile kifaa wote, hata mfagiaji, na namba ilikaa palepale ilipotakiwa kukaa. Ilikaa hivyo mpaka jioni, na mpaka kesho yake, na kesho yake tena wakaruhusiwa.

Waliondoka kama walivyokuja, mtoto mgongoni na robota kichwani. Mama Pacha alikuwa bado yupo, maana mapacha walikuwa wanapona kwa zamu. Mimi nilikuwa koridoni na toroli. Mama Chagua alisimama mbele yangu, akateremsha robota, akapekua chini kabisa, akatoa shati. Lilikuwa la njano. Lilikuwa na ndege wakubwa wekundu, kifua kizima, na mmoja mgongoni.

"Vua koti hilo. Mtu anayeleta pumzi havai hivyo, unafanana na habari mbaya."

Nililivaa palepale. Kifua kilinitosha na mikono iliishia inapotakiwa kuishia. Hakuna nguo iliyowahi kunikaa vile. Lakini nilipojitazama na ndege wale wote niliona haya, nikalivua haraka, nikamnyooshea alichukue. Nilitaka kumwambia kwamba limezidi rangi kwa mtu kama mimi. Nilitaka pia kumshukuru, na kumtakia safari njema, na kumwambia Meneja jambo fulani zuri. Yote hayo yalipanda kwa pamoja, na mdomo wangu, ambao siku zote zile ulikuwa umejifunza maneno ya dukani tu, ukasema:

"Karibuni tena."

Mama Pacha, mlangoni, alijiziba mdomo. Kutoka mgongoni kwa bibi yake Meneja alinitazama, akafunika pua yake kwa viganja viwili.

Mama Chagua alilitazama shati mkononi mwangu. Akanitazama mimi. Akajipandishia robota kichwani, akamsukuma mtoto juu kidogo mgongoni akae vizuri.

"Mali ikitoka hairudishwi, baba," alisema.